Shajara ya mradi: kurekodi upya "Neuköln" mjini Berlin

Albamu ya David Bowie iitwayo "Heroes" ilitoka 14 Oktoba 1977. Karibu kila mtu anaujua wimbo uliobeba jina lake. Wachache huigeuza sahani na kusikiliza hadi kipande cha nne cha upande wa pili: "Neuköln", dakika 4 na sekunde 34, kazi ya Bowie na mwanamuziki mwenzake Brian Eno. Hakina maneno wala ngoma. Kuna sinthesaiza zinazojikokota kama ukungu, na juu yake saksafoni ya Bowie inalia peke yake.

Jina limetoka kwa Neukölln, mtaa wa Berlin Magharibi uliopakana na Ukuta wa Berlin. Ukuta ulipojengwa 13 Agosti 1961, viwanda vya Berlin Magharibi vilipoteza wafanyakazi waliokuwa wakivuka kila siku kutoka mashariki. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki. Uajiri ulisimamishwa Novemba 1973, lakini waliokuwapo walibaki na familia zao zikawafuata. Wengi waliishia Kreuzberg na Neukölln, ambako nyumba kuukuu zilizo kando ya Ukuta zilikuwa za bei nafuu. Lafudhi ya Mashariki ya Kati inayosikika kwenye saksafoni imetoka huko. Bowie mwenyewe alikuwa akiishi Schöneberg, Hauptstraße 155, na kurekodi kulifanyika studio za Hansa, Köthener Straße, karibu na Ukuta. Kati ya albamu tatu zinazoitwa za Berlin, hii ndiyo pekee iliyorekodiwa yote mjini humo.

Lengo la mradi ni kukirekodi kipande hiki upya ndani ya Neukölln ya leo, kwa saksafoni halisi, ukumbi halisi na utepe halisi, na kuandika hatua kwa namna itakayomwezesha mwingine kuzifuata. Bei zote ni za euro.

2 Machi: haki kwanza

Anza na haki, kwa sababu zinaamua uhuru ulio nao kwenye muziki. Ujerumani, wimbo uliokwisha kutolewa ukirekodiwa upya bila kubadilishwa, haki za watunzi hushughulikiwa kupitia GEMA, shirika linalosimamia haki hizo. Ukiugeuza kuwa mpangilio mpya, unahitaji idhini ya wachapishaji wenyewe, nao ni zaidi ya mmoja: nyimbo za Bowie zilinunuliwa na Warner Chappell Music Januari 2022, na Eno ana fungu lake. Tumechagua njia ya kwanza. Saksafoni itanukuliwa noti kwa noti, urefu utabaki uleule, na hakuna hata sekunde moja itakayonyofolewa kutoka rekodi ya 1977, maana rekodi yenyewe ina mwenye haki mwingine kabisa.

Jambo dogo linalosahaulika: mtaa unaandikwa Neukölln, wimbo ni "Neuköln", wenye "l" moja. Jina la wimbo liandikwe hivyo kwenye kila fomu na kila faili.

9 Machi: kitanda cha sinthesaiza

Tabaka la chini, yaani kitanda, ni sinthesaiza moja ya analogi yenye osileta (vyanzo vya sauti) mbili, ikirekodiwa mara nne, sauti moja kila mara. Mwinuko (sauti inavyopanda) wa sekunde 1.8, mshuko (inavyofifia) wa sekunde 3, kichujio kimefungwa hadi takriban Hz 900.

Tatizo la kwanza lilitokea kwenye kupishanisha osileta. Tuliziachanisha kwa senti 6 (nusu-toni moja ni senti 100) ili sauti iyumbe polepole. Kwenye noti ya Hz 110 zinapishana mara moja kila sekunde 2.6, na inapendeza. Kwenye Hz 220 kasi hiyo inakuwa maradufu, na kwenye Hz 440 unapata mtetemo wa mara moja na nusu kwa sekunde, unaofanya akodi nzima isikike kama kinanda cha kanisa chenye haraka. Dawa ni kupunguza senti kadiri unavyopanda: 6 kwa sauti ya chini kabisa, 3 kwa oktava inayofuata, 1.5 kwa inayofuata tena. Hapo sauti zote zinayumba kwa mwendo mmoja na kitanda kinatulia.

Sinthesaiza ya programu ilijaribiwa kwanza, kwa kuwa ni bure. Ilikataa kuyumba isipolazimishwa, na kuyumba kwa kulazimishwa kunajirudia. Kwenye kipande kisicho na ngoma, sikio halina kingine cha kushika isipokuwa marudio hayo.

16 Machi: mashine mbili za utepe

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda. Kitanda kilihitaji mwangwi mrefu unaochakaa kidogo kila unaporudi. Hatudai kwamba rekodi ya 1977 ilitengenezwa hivi. Ni mbinu ambayo Eno aliitumia miaka ya mwanzo ya 70, na inafaa hapa.

Mashine mbili za utepe wa robo inchi zinawekwa sambamba. Utepe unatoka kwenye gurudumu la kushoto la mashine ya kwanza, unapita vichwa vyake, unavuka hewani hadi mashine ya pili na kuishia kwenye gurudumu lake la kulia. Ya kwanza inarekodi, ya pili inasoma, na sauti iliyosomwa inarudishwa kwenye ya kwanza. Muda wa mwangwi ni umbali kati ya kichwa cha kurekodia na kile cha kusomea, ukigawanywa kwa kasi. Kwa sentimita 19.05 kwa sekunde na umbali wa sentimita 95, unapata sekunde 5.

Lililoharibika: hakuna mashine mbili zinazokimbia sawasawa. Hizi zilitofautiana kwa asilimia 0.2, kiasi kinachoruhusiwa kwa mashine za aina hii. Hesabu yake ni hii: kila sekunde, mashine moja inapitisha utepe wa milimita 0.38 zaidi ya nyingine. Baada ya dakika 8 hizo ni sentimita 18. Ya pili ikiwa ndiyo yenye kasi, utepe unavutwa, unakazika, na sauti inaanza kutetemeka hadi mashine inasimama. Ndivyo ilivyokuwa. Ya pili ikiwa ndiyo ya polepole, utepe unalegea na kushuka sakafuni.

Kulegea kunatibika, kuvutwa hakutibiki. Kwa hiyo mashine zilibadilishana nafasi, ya polepole ikawa ya pili, na katikati kikaning'inizwa kigurudumu cha plastiki cha gramu 60 juu ya utepe. Utepe unapozidi kulegea, kigurudumu hushuka nao. Weka meza mbili zenye nafasi katikati, kisikutane na ubao.

Tiba hiyo ilileta jambo la pili, ambalo halikuonekana mapema. Mashine ya pili ikiwa ya polepole kwa asilimia 0.2, kila sauti inayosomwa inashuka kwa senti 3.5. Inaporudi na kurekodiwa tena, inashuka tena. Baada ya mizunguko mitano mwangwi umeshuka senti 17. Na kwa sababu utepe unazidi kulegea, muda wa mwangwi nao unarefuka: mwishoni mwa dakika 8 ni karibu sekunde 6 badala ya 5.

Kwa noti za chini, kuzama huku ni kuzuri mno. Kunaleta uchovu ambao kipande hiki kinauhitaji, na hakuna kifaa cha dijitali tulichokisikia kinachokuletea bila kuombwa. Kwa akodi za juu hakufai, kwa sababu ndizo zinazokutana na saksafoni. Uamuzi: sauti mbili za chini zimepitishwa kwenye utepe, mbili za juu zimebaki kavu, bila mwangwi. Marejesho, yaani sauti inayorudishwa kwenye mashine ya kwanza, yamewekwa kwenye dB (desibeli) 6 pungufu kwa kila mzunguko. Ukipunguza dB 2 tu, baada ya dakika moja hivi akodi zote zinakuwa uji.

Gharama: kukodi mashine mbili kwa wikendi 140, magurudumu mawili ya utepe 78, pombe ya isopropili ya kusafishia vichwa 9. Safisha vichwa kabla ya kila rekodi mpya. Utepe wa zamani wa bei rahisi unaweza kuacha gundi yake kwenye vichwa, na sauti za juu zikapotea katikati ya kazi.

23 Machi: sauti za mtaa, zilizoondolewa

Tulirekodi Karl-Marx-Straße, Hermannplatz na soko la Maybachufer kando ya mfereji wa Landwehr, siku ya Ijumaa, kwa wazo la kuziweka chini ya kitanda. Zimeondolewa zote. Saksafoni tayari inasema mtaa uko wapi na nani anaishi humo; ukiweka na kelele za soko, msikilizaji anaoneshwa kwa kidole kitu ambacho alikuwa anakihisi. Zaidi ya hilo, sauti hizo ziko karibu, na kila kitu kwenye kipande hiki kiko mbali.

Anayetaka kujaribu hata hivyo ajue kuwa kifungu cha 201 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kurekodi maneno ya faragha ya mtu bila idhini. Mazungumzo yanayosikika waziwazi yakatwe kabla faili haijahifadhiwa.

30 Machi: saksafoni, mara ya kwanza

Wazo la awali lilikuwa ngazi za jengo la zamani la ghorofa, zenye mwangwi wa bure. Halikwenda mbali: Berlin inalinda utulivu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili nzima pamoja na sikukuu, na hata mchana saksafoni kwenye ngazi ni ugomvi na jengo zima. Ukumbi wa kukodi ulipatikana, 40 kwa saa: mita 22 kwa 12, kimo mita 6, mapazia yakifunguliwa mwangwi unadumu sekunde 1.9.

Mpangilio wa maiki uliigwa kutoka hila maarufu ya Tony Visconti, aliyeizalisha albamu pamoja na Bowie. Kwa sauti ya Bowie kwenye wimbo wa "Heroes", Visconti aliweka maiki tatu kwenye ukumbi wa Hansa: moja karibu na mdomo, ya pili umbali wa mita 6 hivi, ya tatu mita 15 hivi. Zile mbili za mbali zilikuwa na mageti, vifaa vinavyoizima maiki hadi sauti ifikie nguvu fulani, yaliyofunguka pale tu mwimbaji alipopaza sauti. Kadiri anavyolia ndivyo ukumbi unavyojitokeza. Hakuna mbinu inayofaa zaidi kwa kipande kilichojaa upweke, hata kama hapa inahamishiwa kwenye ala.

Matokeo ya siku hiyo hayatumiki, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni baridi. Ukumbi ulikuwa nyuzi 14 za Selsiasi. Sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, na ala za kupuliza hushuka takriban senti 3 kwa kila nyuzi moja. Ikilinganishwa na nyuzi 20, hiyo ni hadi senti 18. Pumzi ya mpigaji hupasha bomba moto kidogo, lakini anapopumzika kati ya mafungu marefu ya kimya, linapoa tena. Kusukuma mdomo wa saksafoni (kipande cha kupulizia) ndani zaidi ya koki hakuokoi: noti zinazotumia bomba fupi hupanda zaidi ya zile zinazotumia bomba lote, na ala inagombana na nafsi yake.

Ya pili ni maiki. Ya mita 6 na ya mita 15 zilisikika karibu sawa, na hesabu inaeleza. Kwa ujazo wa mita za ujazo 1,584 na mwangwi wa sekunde 1.9, ukivuka takriban mita 1.7 kutoka kwenye ala tayari unasikia ukumbi kuliko ala. Baada ya hapo kusogea mbali kunabadilisha muda wa kuwasili kuliko rangi ya sauti.

Ya tatu ni mageti yenyewe. Yalikuwa yanafanya kazi wakati wa kurekodi, kila geti likisikiliza maiki yake. Geti hufunguka baada ya sauti kufika, kwa hiyo mwanzo wa kila noti ya juu ulikatwa. Mishuko (muda wa geti kujifunga) iliwekwa milisekunde 900, ambayo ni fupi kuliko mwangwi wa ukumbi, na mikia ikawa inakatwa kama kwa mkasi.

Gharama: ukumbi saa 4, 160. Kipimajoto 12, kilichonunuliwa baada ya tukio na ambacho kingestahili kununuliwa kabla.

13 Aprili: saksafoni, mara ya pili

Ukumbi umepashwa joto hadi nyuzi 20 na kuachwa hivyo kwa saa mbili, wenye ukumbi wakikubali bila malipo ya ziada. Saksafoni, ya aina ya alto, iliyolazwa kwenye kishikio chake humohumo, ikapata joto la chumba.

Maiki ya karibu iko sentimita 40, ikielekea vidole vya mkono wa kushoto. Ukiielekeza kwenye uwazi mpana wa ala, noti za chini zinakuwa kubwa kuliko nyingine. Ya pili imesogezwa hadi mita 2.5. Ya tatu iko mita 15, imegeuzwa kutazama ukuta wa nyuma. Tahadhari kwenye ile ya pili: sauti inaifikia milisekunde 6 baada ya kufika kwenye ya kwanza, na zikijumlishwa kwa nguvu sawa, masafa fulani yanafutana. Ikae dB 10 chini ya ile ya karibu, na mabonde hayo hayatazidi dB 3 hivi.

Zote tatu zimerekodiwa bila geti, kila moja kwenye njia yake. Mageti yamewekwa baadaye kwenye kompyuta, na yote mawili yanasikiliza maiki ya karibu. Faida ni kubwa: sauti inafika kwenye maiki ya tatu milisekunde 44 baada ya kutoka kwenye ala, kwa hiyo geti lake linakuwa wazi kabla sauti haijafika. Hakuna mwanzo wa noti unaopotea. Vizingiti, yaani nguvu ya sauti inayofungua geti, ni dB 18 chini ya kilele kwa geti la pili na dB 9 chini kwa la tatu. Kushikilia (muda geti linabaki wazi kabla ya kuanza kujifunga) milisekunde 250. Mshuko sekunde 1.9, sawa na mwangwi wa ukumbi.

Kisha kuna upigaji. Bowie alifundishwa saksafoni kwa muda akiwa kijana na mpiga saksafoni wa jazi Ronnie Ross, lakini hakuwahi kuwa mpigaji msafi, na usafi hapa ni sumu. Mpigaji aliyesoma huipiga kila noti katikati yake. Kwenye rekodi ya 1977 noti zinaingia kutoka chini, zinateleza, nyingine hazifiki. Maelekezo ya maneno yalisaidia kidogo tu. Kilichosaidia kweli ni kubadili ulimi wa mwanzi kutoka nambari 3 hadi nambari 2: laini, unakunjika kwa taya, unapasuka ukipulizwa kwa nguvu. Ulimi laini huvuta sauti chini kidogo; sukuma mdomo wa ala milimita moja au mbili ndani kabla ya kuanza, ukiwa tayari kwenye joto sahihi.

Hedifoni ziwe za kufunika masikio kabisa na kitanda kisikike chini sana. Kikivuja kwenye maiki ya karibu, mageti yatafunguka kwa sababu yake.

Gharama: ukumbi saa 3, 120. Kisanduku cha ndimi 10, 33.

13 Aprili, jioni: kifungu cha mwisho

Mwishoni mwa kipande kitanda kinazama na saksafoni inaachwa. Hapo kila kelele inajitokeza, na kelele ya ukumbi ule ilikuwa feni ya kupashia joto. Kuizima kunashusha joto, na joto likishuka sauti inashuka.

Suluhisho limo kwenye utunzi wenyewe. Kitanda kikiondoka, hakuna tena cha kulinganisha nacho. Feni ilizimwa, tukasubiri robo saa, joto likafika nyuzi 18, na mafungu ya mwisho yakarekodiwa yakiwa chini kwa senti 6 hivi. Yameunganishwa na yaliyotangulia kwenye pumzi, pale ambapo sinthesaiza tayari haisikiki. Hakuna aliyesikiliza aliyeigundua tofauti. Anayerudia kazi hii arekodi mafungu hayo mwisho kabisa, kwa sababu ukishaizima feni huwezi kurudi kwenye sehemu za kati siku hiyo.

27 Aprili: kumiksi

Kumetumia muda mfupi. Kitanda katikati, tabaka za utepe zimetandazwa kushoto na kulia, saksafoni ya karibu katikati kabisa na ya mita 15 imetandazwa pande zote. Hakuna mwangwi wa bandia ulioongezwa. Kibanizi cha sauti kilijaribiwa kwenye saksafoni na kuondolewa: kinapunguza vilele, na vilele ndivyo vinavyofungua mageti. Ukikitumia kabla ya mageti ukumbi haujitokezi tena. Ukikitumia baada yake, mikia inavimba.

Kosa la kujiepusha nalo hapa ni kupandisha saksafoni kwa sababu ni nzuri. Miksi ya kwanza ilikuwa nayo dB 3 juu zaidi, na ikageuka kuwa wimbo wa mpigaji saksafoni anayesindikizwa na vinanda. Ikishushwa, inakuwa mtu anayesikika kutoka ng'ambo ya uwanja mpana, naye hajui kama anasikilizwa.

Aliyeifanyia kazi sana sehemu hii ya albamu ni mtunzi Philip Glass: simfonia yake ya nne, ya 1996, ina mwendo mzima uliojengwa juu ya "Neuköln". Isikilize ukishamaliza kumiksi, si kabla. Okestra inajaza mapengo, na utashawishika kujaza ya kwako.

4 Mei: faili na hesabu

Jumla hadi sasa ni 552: mashine 140, tepe 78, pombe 9, ukumbi 280, ndimi 33, kipimajoto 12. Maiki, saksafoni na sinthesaiza zilikuwapo. Siku ya kwanza ya ukumbi, 160, ingeokolewa yote kwa kupima joto na kufanya ile hesabu ya umbali wa maiki kabla ya kukodi, na kwa kurekodi bila mageti.

Faili ghafi zimehifadhiwa kwa kHz 48 na biti 24, njia tatu za saksafoni bila mageti, tabaka nne za sinthesaiza kavu na mbili za utepe, ili atakayetaka kuweka vizingiti vyake aanze kutoka hapo. Urefu wa mwisho ni dakika 4 na sekunde 34. Lililobaki ni usajili GEMA, kisha sahani za majaribio.